Ng'ombe Wamerudi Lalago

Nkololo, Bariadi
12 Agosti 2023

Dada Esteria,

Mwangaluka. Umeamkaje? Sisi huku tunaamka salama, na mama yetu Mayu anaamka pia, ingawa macho yake sasa yanaona kivuli tu na mtu anamjua kwa hatua zake. Anakusalimu sana. Mwaka huu tena amekata viazi akaanika michembe, akajaza mfuko na kuufunga kwa kamba ya katani, akatangaza kwamba huo ni wa Esteria asiuguse mtu. Mifuko ya miaka iliyopita tuliila wenyewe ilipoanza kuingia wadudu. Yeye hatujamwambia, nawe usije ukamwambia.

Veronica hajambo, watoto hawajambo. Mdogo wetu Marcelo bado yuko Bariadi mjini na karakana yake ya pikipiki. Pamba tumemaliza kuvuna.

Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu namba yangu uliifungia, na sikulaumu. Barua nampa Maganga, yule anayefuata mchele Ifakara kwa lori. Anasema anakufahamu, una meza ya mchele karibu na stendi.

Neno langu ni hili. Tarehe 21 Julai mimi na Marcelo tulitoa ng'ombe zizini kwangu, na siku ya pili tukawafikisha Lalago kwa akina Mboje. Ni wengi kama wale waliowatoa wao kukuoa, na dume lao limo. Wazee wao wamepokea mbele ya wazee wetu. Kuanzia siku hiyo wewe si mke wa Mboje tena. Na binti yako Gloria, ambaye wangeweza kumdai siku yoyote kwa kuwa mahari haikurudi, ingawa Mboje si baba yake na hajawahi hata kumwona, ni mtoto wa kwetu. Mlango uko wazi, dada.

Mimi nipo. Mwili una uchovu kidogo, lakini kijana wako sasa ni mzee wa miaka arobaini na tatu.

Mdogo wako,
Salvatory

*

Ifakara
30 Septemba 2023

Salvatory,

Mwangaluka. Barua nimeipata juzi. Maganga aliiweka chini ya kiti cha lori mwezi mzima, inanuka dizeli. Mwambie Mayu nimeitikia salamu zake, na kwamba nakula vizuri. Wali upo mpaka unachosha. Matobolwa ndiyo sijayaona tangu nije. Watu wa huku wakichemsha viazi wanavimaliza siku hiyo hiyo, ukiwaambia wavikate wavianike wanakuona una shida kichwani.

Gloria yuko kidato cha pili. Ana urefu wa baba yetu na kiburi chake pia.

Haya, ng'ombe. Miaka kumi na minane, Salvatory. Mwaka 2005 nilifika kwako asubuhi nikiwa na jino langu ndani ya kitambaa, nikakuonyesha. Baba alikuwa ameshakufa, wewe ndiye ulikuwa mwenye mji. Ukaniambia ng'ombe walioletwa kwa ajili yangu wameshakwenda kwa akina Veronica, kwamba nikirudi nyumbani itabidi wakachukuliwe kule, na mkeo arudi kwao. Hilo nililielewa. Ndivyo wanavyofanya watu wote, dada anaolewa ili kaka aoe. Nisichokielewa mpaka leo ni ile baiskeli.

Ungeweza kuniambia, "Nenda." Ningekwenda mwenyewe kwa miguu yangu. Wewe ukanipakia kwenye keria ukanirudisha Lalago. Kutwa nzima nilikaa naangalia mgongo wako, lile shati la bluu limelowa jasho. Hatujafika mbali kutoka nyumbani, pale lambo ambapo ng'ombe wetu walikuwa wakinywa, cheni ilichomoka. Ukachuchumaa kuirudisha. Nikakwambia, "Salva, geuza." Ukafuta mikono kwa majani, ukasema, "Panda."

Nilikaa Lalago wiki tatu, kisha nikapanda lori la watu waliokuwa wanahamia kusini na mifugo yao.

Kwa hiyo niambie, kwa nini sasa? Nani amekufa? Kama ni Mayu, sema.

Esteria

*

Nkololo
5 Novemba 2023

Dada Esteria,

Mwangaluka. Hakuna aliyekufa. Mayu yupo, jana alimchapa mjukuu kwa fimbo bila kumwona, na hakumkosa. Barua yako nilimsomea ile sehemu ya matobolwa, akacheka mpaka akashika mbavu. Zilizobaki sikumsomea.

Mvua imeanza. Tumepanda mahindi, pamba bado. Ngitili yetu nimeizungushia miiba upya, nyasi zake zimesimama vizuri na ng'ombe hawataziona mpaka kiangazi. Ungeiona ungefurahi. Pale ulipokuwa unachuma mlenda bado panaota mlenda.

Lile la lambo nalikumbuka. Nimelikumbuka siku zote na sina la kujitetea. Nilikuwa na miaka ishirini na mitano, Veronica ana mimba ya kwanza, nikaona nikikusikiliza nitageuza, basi sikukusikiliza. Nilikupeleka mwenyewe kwa sababu niliogopa ukienda peke yako hutafika kwa Mboje, na wao watawafuata ng'ombe. Hiyo ndiyo kweli, na ni mbaya kama inavyosikika.

Umeuliza kwa nini sasa. Natamani kukuona, dada. Basi la jioni likisimama pale madukani huwa natazama wanaoshuka. Najua huwezi kuwemo, lakini natazama.

Samahani kwa doa hapo juu ya karatasi. Ni pua, joto la huku unalijua.

Salvatory

*

Ifakara
28 Novemba 2023

Salvatory,

Nimechinja kuku na kupika kwenye misiba maisha yangu yote, damu naijua. Damu ya pua ya mtu mwenye afya haiwi nyepesi vile kama maji ya rozela. Nimeiangalia karatasi yako siku mbili, siku ya tatu nikamtafuta Maganga anipe namba ya Veronica.

Ni mara ya kwanza nasikia sauti ya mkeo tangu niondoke huko. Alilia kwanza, kisha akaniambia yote. Kwamba una saratani ya damu mwaka wa pili huu. Kwamba vidonge vilikusaidia, sasa vimeshindwa, na madaktari wa Mwanza wamesema dawa iliyobaki, ambayo hutolewa Dodoma, ni kuua uloto wako wote ndani ya mifupa na kupandikiza mbegu za damu za mtu mwingine. Kwamba mtu huyo anayefaa zaidi ni ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, na hata huyo si lazima afanane nawe. Marcelo amepimwa, hakufanana. Amebaki mmoja tu wa kupimwa.

Na huyo mmoja unamwandikia habari za mlenda!

Simu ningekupigia. Sitaki. Kwenye simu utakohoa, utanyamaza, na mimi nitakuhurumia kabla hujanijibu. Andika. Ni tarehe mbili tu nazitaka. Ya kwanza ni siku mlipotoa ng'ombe, hiyo ninayo, 21 Julai. Nipe ya pili: siku daktari alipokwambia kwamba dada yako anahitajika.

Usinidanganye. Ukinidanganya nitajua, kama nilivyojua hili doa. Mwambie Mayu nimemsalimu.

Esteria

*

Dodoma, hospitali
16 Desemba 2023

Dada Esteria,

Barua yako Veronica aliniletea huku Dodoma, ndiko nilikohamishiwa. Tuko wodini sita, watatu ni watoto wenye selimundu wanaosubiri uloto wa ndugu zao. Mmoja anayo bahati, ana kaka wa miaka minane, na huyo kaka anazunguka wodini akidai soda kwa kila muuguzi kwa sababu yeye ndiye dawa.

Tarehe ya pili ni 18 Julai. Ilikuwa Jumanne. Daktari aliniambia Jumanne, na Ijumaa tukatoa ng'ombe.

Sasa umejua. Ningeweza kukuandikia tarehe nyingine, Veronica hata hakumbuki siku yenyewe. Nimekaa na kalamu tangu asubuhi. Ni hivi, dada: nilikuwa na miaka kumi na minane ya kuwarudisha ng'ombe wale, na zizi langu lilikuwa limejaa. Kila mwaka nilisema mwaka kesho. Nilipoambiwa Jumanne ile kwamba uhai wangu uko kwenye mifupa yako, niliona aibu kuliko nilivyoona woga. Ningekuomba vipi damu nikiwa bado nimekalia mahari yako? Basi nikawarudisha. Halafu nikaona nikikuambia naumwa, itakuwa nimekununua kwa ng'ombe hao hao mara ya pili. Kwa hiyo nikanyamaza, nikitumaini utakuja kutusalimu tu. Huo ulikuwa ujinga wangu wa pili.

Usije kwa sababu ya ng'ombe. Hao walikuwa haki yako hata kama ningekuwa mzima kama chuma. Na ukiamua kutokuja, sitakuandikia barua ya lawama, wala Mayu hatajua kwamba uliulizwa.

Naogopa kufa, dada. Sijamwambia mtu mwingine.

Salvatory

*

Ifakara
14 Januari 2024

Salvatory,

Mwangaluka. Poleni na sikukuu, najua hospitali hakuna pilau.

Barua yako imefika leo. Nimeisoma nimesimama, halafu nikaisoma nimekaa. Nashukuru kwa 18 Julai. Nilikuwa nimejiandaa kwa uongo wa Agosti.

Sasa na mimi nikuambie tarehe yangu. Ile barua ya tarehe mbili nilipoiandika, tiketi ya Dodoma ilikuwa tayari ndani ya Biblia. Tarehe 4 Desemba nilishuka hapo, nikatoa damu ya kupimwa, nikapanda basi la kurudi. Wewe ulikuwa hujahamishiwa bado. Jana daktari amenipigia simu. Tumefanana, Salva. Anasema tumefanana kila walichopima, hata Gloria nisingefanana naye hivyo.

Kwa hiyo jibu lako halikubadilisha kitu. Nilitaka tu kujua nampa nani.

Nitakuja mwezi wa tatu. Watanidunga sindano siku tano ili mifupa itoe mbegu zake kwenye damu, kisha watazichuja kwa mashine. Lakini nina sharti, nimemwambia muuguzi na wewe nakuambia. Sitaki tuonane. Usije kwenye chumba changu, usimtume Veronica na soda, usinishukuru. Nitafanya kilichonileta na kuondoka.

Esteria

*

Dodoma, hospitali
25 Machi 2024

Dada Esteria,

Sharti lako nimeliheshimu, karibu lote.

Niko chumba cha peke yangu, leo siku ya kumi na moja tangu niwekewe mbegu zako. Anayeingia anavaa barakoa na glavu, chakula kinachemshwa mpaka kinasahau kilikuwa nini. Kabla ya hapo walinipa dawa kali siku sita za kuua uloto wangu. Nywele zimekwisha, mdomo wote ni kidonda. Daktari aliniambia wazi kwamba nikishafika hapo sina damu ya kurudia. Kama zako hazitakuja, au hazitashika, basi.

Nilidhani wataleta kitu kikubwa. Ulikuwa ni mfuko mdogo, rangi ya juisi ya nyanya, ukaning'inizwa kama dripu ya malaria na ukaisha kabla sijamaliza rozari. Muuguzi akaandika ukutani: siku ya sifuri. Nikamuuliza mwenye mfuko yuko wapi. Akasema amekunywa chai, anavaa viatu.

Mlango wangu una kioo, dada. Niliomba wanisogeze. Nikakuona unapita kule mwisho wa varanda, una kitenge cha kijani, unatembea umeshika kiuno. Nilikuona mgongo tu. Nikataka ugeuke, nikakuita na kugonga, na kwa kile kioo huwezi kusikia. Nilikutazama mpaka ukakata kona, na wewe hukugeuka.

Nililia kama mtoto. Muuguzi akadhani ni kidonda cha mdomo.

Leo asubuhi chembe nyeupe zimeanza kuonekana kwenye vipimo. Ni chache, lakini ni zako. Wabeja. Najua umekataza kushukuriwa.

Salvatory

*

Ifakara
2 Juni 2024

Salvatory,

Mwangaluka, pole na vidonda. Veronica ananipa habari zako kila Jumapili, tumekuwa mashoga wa simu bila kukuomba ruhusa.

Mifupa iliniuma zile siku tano kama mtu aliyeinama shambani kupandikiza mpunga wiki nzima. Ilikwisha nilipofika Morogoro. Nilisikia kioo kinagongwa, kama unataka kujua. Nilijua ni wewe. Niliogopa kwamba nikigeuka nikuone ulivyokwisha, nitakusamehe kwa huruma, na huruma inakwisha mtu akipona. Nilitaka kukusamehe ukiwa mnene.

Tangu nirudi silali vizuri, si kwa ugonjwa. Mvua zimekatika huku na upepo umekuja wenye harufu ya nyasi kavu, nikakumbuka nyumbani mpaka nikafunga meza mapema. Namtamani Mayu. Natamani kusalimiwa na watu wanaolijua jina la baba yangu. Huku naitwa Mama Gloria wa mchele, ni jina zuri, lakini halijui nilikotoka.

Pona. Hilo ndilo nakuomba, unaweza kulifanya.

Esteria

*

Nkololo
20 Januari 2025

Dada Esteria,

Mwangaluka. Naandika nikiwa nyumbani, kwenye kiti changu, chini ya bati langu. Niliruhusiwa Agosti nikapanga chumba karibu na hospitali, na Desemba wakaniachia nije huku kwa masharti.

Masharti yenyewe ni ya ajabu. Ng'ombe nawaona kwa mbali, vumbi la zizi limekatazwa. Wanapita jioni wanageuza vichwa, nadhani wananidharau. Maziwa ni ya kuchemshwa tu, ya mgando marufuku. Na kubwa kuliko yote, chanjo zote nilizochanjwa utotoni zimefutika. Damu hii haijawahi kuumwa kitu chochote duniani! Kwa hiyo Jumatano iliyopita nilikwenda zahanati, nikapanga foleni ya kliniki kati ya akina mama na vichanga vyao, nina kadi yangu mkononi. Mama mmoja akaniuliza mtoto yuko wapi. Nikamwambia ndiye mimi, nina miezi kumi. Nimelia sindano kuliko wote.

Zamani ulinizidi miaka mitatu. Sasa unanizidi sana, usinitume dukani.

Kundi langu la damu lilikuwa O. Wamepima mara mbili, sasa ni B kama lako. Nikajikata kidogo nikinyoa, nikakaa nikiitazama ile damu kwenye kidole. Nikaona haya kuifuta.

Nimemwambia Mayu kila kitu, hata la baiskeli, maana siku ile alikuwa kwa dada yake na sisi tukamwambia ulirudi Lalago kwa hiari yako. Akanishika mkono akaupapasa mpaka kwenye bega, akasema kwa Kisukuma, maneno nakupa kwa Kiswahili: "Basi nusu yake imeshafika. Ilete na iliyobaki, mimi sina muda."

Ana mfuko mpya wa michembe. Safari hii amelala nao.

Salvatory

*

Ifakara
3 Mei 2025

Salva,

Mwangaluka. Mwambie Mayu asife.

Gloria anafunga shule mwanzoni mwa Juni. Tutapanda basi tarehe 7, tutalala njiani, tutafika huko tarehe 8 mchana. Meza ya mchele nimempa jirani. Nimeulizwa nitarudi lini, nimesema sijui, na ni kweli sijui.

Nataka ufanye jambo moja. Usije stendi na watu na vigelegele, hao wanisubiri nyumbani. Tutashuka pale lambo. Njoo peke yako na baiskeli. Kama ile ya zamani iliuzwa, azima, ila iwe na keria imara. Gloria na mizigo watatangulia na pikipiki ya Marcelo.

Veronica anasema umenenepa, mashavu yamerudi. Anasema pia mlima mdogo tu unakutoa jasho na daktari kakukataza kazi nzito mwaka huu. Kwa hiyo usije ukajifanya mwanaume. Mimi nina miaka arobaini na nane na kila siku naendesha baiskeli yenye gunia la mchele, wewe hunizidi uzito.

Nikishuka, nitakutazama usoni kwanza, muda nitakaotaka mimi. Kisha utanipa usukani nami nitageuza baiskeli kuelekea nyumbani.

Halafu nitakuambia, "Panda."

Dada yako,
Esteria